Kisima cha Ukutani

Si hapo zamani, wala si kale. Ilikuwa juzi tu, katika nchi ambayo sitaitaja jina kwa kuwa sijaomba kibali cha kulitaja. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina Wizara ya Maji na Mwonekano wa Taifa, na haikosi kitu. Kitu ambacho haina leo ni kile tu ambacho bado hakijachorwa.

Katika nchi hiyo, mkubwa akija, mawe hupakwa chokaa. Mawe ya pande zote mbili za barabara hupakwa, vigogo vya miti hupakwa mpaka kiunoni, na mwaka mmoja mbuzi aliyekuwa amelala kando ya njia alipakwa naye, akapigiwa saluti na askari mgeni. Mkubwa hupita kwa kasi, vioo vimefungwa. Mawe hubaki meupe mpaka mvua inyeshe. Ukiuliza kwa nini tunafanya hivyo, watu watakushangaa. Mkubwa atajuaje kwamba tumeendelea?

Mimi nilikuwa mpika uji wa shule ya kijiji chetu. Mpika uji hakosi mkaa, na watoto wakiona mkaa hawakosi kuuomba, basi nikajikuta ninawafundisha kuchora. Sikuwa na la kujivunia. Mimi si msemaji, na kuchora hakudai maneno mengi.

Tulichora kwa tulichokuwa nacho. Nyeusi ilitoka jikoni kwangu. Nyekundu ilikuwa unga wa tofali, njano ilikuwa binzari, kijani tulikipata kwa kutwanga kisamvu. Brashi ilikuwa kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha. Uji wa muhogo ulioganda ulikuwa gundi, na kwa gundi hiyo tulibandika mchanga, maganda ya mayai, vizibo vya soda, manyoya. Ukuta wa nyuma wa shule, unaotazama barabara, ulijaa kuku. Niliwaambia watoto kabla ya kumchora kuku wakae naye kwanza, wamtazame mpaka achoke kutazamwa. Kwa hiyo kuku wetu walikuwa kuku hasa: mmoja ana kidonda mguuni, mwingine ana hasira.

Fundi wa watoto hao alikuwa Siwatu wa darasa la tatu, mtoto mwenye maswali na mapengo mawili mbele.

"Dada Sikudhani," aliniuliza siku moja, "maji yanachorwaje?"

"Yatazame kwanza."

"Nimeyatazama. Hayana rangi yake yenyewe. Ya kwenye ndoo yana rangi ya ndoo. Ya lambo yana rangi ya chai ya maziwa."

"Chai ya maziwa umeiona wapi wewe?" akadakia Machano, mwenzake wa dawati. "Kwenu mnakunywa majani ya mchaichai!"

"Nimeinusa kwa mwalimu mkuu. Pua yangu inaona kuliko macho yako."

Lambo alilolisema lilikuwa nyuma ya kilima cha machimbo, mwendo wa kuchosha. Ng'ombe walikunywa humo, na wakiwa humo walifanya na mengine. Boza la serikali lilikuja mara moja kwa wiki kujaza pipa la shule, na pipa likikauka uji ulipikwa kwa maji ya lambo, na watoto wakaumwa matumbo. Ndiyo maana kijiji kizima kilikuwa na ombi moja tu, hilohilo kila mkutano: kisima. Tuliahidiwa mara nyingi. Ahadi zilikuwa nzuri, za kina kirefu.

*

Ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Waziri anakuja kuzindua kisima chetu.

Tulifurahi sana, kisha tukaanza kukitafuta. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mahimbo, alizunguka uwanja wote wa shule akitazama chini kama mtu aliyedondosha funguo. Hakuna kisima. Akaja Bwana Kilindo, Afisa Mwonekano wa Tarafa, na gari lililojaa mifuko ya chokaa.

"Kisima kiko wapi?" akauliza Mwalimu Mahimbo kwa unyenyekevu.

"Mwalimu, unauliza swali la kihandisi. Mimi ni mtu wa mwonekano. Kwenye taarifa kisima kimekamilika tangu mwaka jana. Kama hapa hakipo, kosa ni la hapa."

Akapaka mawe. Akapaka miti. Alipofika nyuma ya shule akawaona kuku, akarudi nyuma hatua moja kwa sababu yule mwenye hasira alikuwa amechorwa vizuri mno.

"Nani kafanya haya?"

Nikainamisha kichwa. Niliamini nafukuzwa. Bwana Kilindo alitazama ukuta kwa muda mrefu, midomo ikimcheza, kisha uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyepata mtoto wa kiume.

"Waziri atasimama kule, kwenye kivuli cha turubai," alisema taratibu. "Ukuta uko huku. Nani atatofautisha? Nichoreeni kisima."

Siwatu ndiye aliyechora. Alichora mdomo wa kisima kwa unga wa tofali, tofali moja baada ya jingine. Kamba akaibandika ya katani halisi, ikishuka kutoka kwenye gurudumu la vizibo. Ndoo akaitengeneza kwa bati la kopo la mafuta, likawa linameta jua likilipiga. Kilikuwa kisima cha kukufanya uhisi kiu. Ila ndani yake aliweka giza la mkaa, na chini kabisa, mawe makavu.

"Maji yako wapi?" akafoka Bwana Kilindo.

"Sijayaona," akasema Siwatu. "Dada anasema tuchore tulichokiona."

"Weka maji."

Akampa kopo la rangi ya bluu ya mafuta, lililobaki baada ya kupaka geti la ofisi yao. Watoto wakajazana kulichungulia. Hawakuwahi kuona maji ya bluu. Siwatu alinitazama mimi. Nami, mbele ya afisa, nilitazama miguu yangu. Basi akapaka.

*

Waziri alikuja na king'ora, na kamera, na kiti chake mwenyewe.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Wapo wasioitakia mema nchi hii, waliosema kwamba hapa hapana maji. Leo naomba wageuze shingo zao zenye wivu watazame! Je, hicho si kisima?"

"Ni kisimaaa!" tukaitika, kama tulivyofundishwa asubuhi.

"Je, hayo si maji?"

"Ni majiii!"

"Serikali yenu sikivu imeyatoa maji chini ya ardhi na kuyaweka mahali kila mtu anapoweza kuyaona!"

Hapo hakusema uongo. Akakata utepe. Akaomba mtoto wa kupiga naye picha, na kwa kuwa Siwatu alikuwa amesimama karibu na kazi yake, wakamchukua yeye. Wakampa glasi ya maji, yaliyotoka kwenye chupa ya Waziri.

"Ninywe?" akauliza.

"Usinywe," mpiga picha akamkemea. "Yakipungua hayatapendeza. Cheka tu."

Akacheka, mapengo yote mawili nje. Kisha wakamnyang'anya glasi.

Picha ile ilitoka gazetini ukurasa wa mbele. Baadaye ikawa bango kubwa kwenye barabara kuu: Waziri, kisima, na Siwatu na glasi yake, chini pameandikwa MAJI YAMEFIKA. Kwenye picha, kweli, huwezi kutofautisha.

Na kwa kuwa ilipendeza, ikawa sera. Nchi nzima ilianza kuchorwa. Mahali fulani walichora zahanati, kwingine madawati. Mtoni walichora daraja kwenye turubai kubwa, na lori lilipotumbukia dereva akashtakiwa kwa kukosa imani na miundombinu. Walimu wa sayansi waliambiwa waache sayansi wafundishe kuchora. Ningefurahi, maana hata mimi niliamini watoto wafundishwe kuchora. Lakini waliletewa kitabu cha mwongozo, na humo mtoto alikatazwa kumtazama kuku.

*

Jumatatu iliyofuata boza halikuja. Wala Jumatatu nyingine. Mwalimu Mahimbo akaenda tarafani kuulizia.

"Mna kisima," akajibiwa. "Shule yenye kisima ikipewa boza, shule zisizo na kisima zitajisikiaje?"

"Lakini mheshimiwa, kile kisima ni—"

"Ni nini, Mwalimu?"

Mwalimu Mahimbo alikuwa na watoto sita na miaka michache ya kufikia pensheni. Akasema ni kizuri.

Halafu ikaja amri. Mtu yeyote atakayeonekana na dumu akielekea mahali pengine mbali na kisima atahesabiwa kuwa anakikashifu. Askari wa mgambo akawekwa kwenye njia ya lambo. Akina mama wakawaza. Kesho yake wakawa wanapita wamebeba madumu mgongoni kwa kanga, wameyafunika vizuri, wanayapigapiga na kuyabembeleza.

"Mtoto wako mbona kimya?" mgambo akamwuliza Mama Siwatu.

"Amelala, baba. Usimwamshe, akilia anamwagika."

Mgambo aliyajua yote, na mkewe alikuwa wa tatu kwenye foleni hiyo. Bwana Kilindo alipopita na gari akafurahishwa na wingi wa watoto wachanga, akaandika kwamba tangu maji yafike uzazi umeongezeka.

Kwa hiyo uji ukawa wa lambo kila siku. Niliuchemsha nilivyoweza, lakini kuni zilikuwa chache, na watoto wenye kiu hawasubiri chungu kipoe. Walijichotea kwenye pipa kwa viganja. Niliwafukuza kwa mwiko, nikigeuka, wamerudi. Na nje pale ukutani ndoo ya bati inameta, maji ya bluu yanangoja.

*

Siwatu alianza kuumwa siku ya Jumatano. Kuhara, homa, macho yakazama ndani. Mama yake alimbeba mgongoni, safari hii mtoto kweli, mimi nikishika mwavuli, tukaenda zahanati. Sio ile ya kuchorwa. Hii ilikuwa na kuta na muuguzi.

"Mtoto anakunywa maji gani?" muuguzi akauliza.

"Ya lambo," akasema Mama Siwatu.

Muuguzi akaweka kalamu chini, akaangalia mlango, akashusha sauti.

"Mama yangu, mimi nakuelewa. Lakini kijiji chenu kina kisima. Nikiandika lambo, nitaulizwa kwa nini nakikashifu kisima. Nikiandika kisima, wakubwa wameshasema maji yake ni salama, hayamdhuru mtu. Sasa niandike nini?"

"Andika anakufa."

"Kwa ugonjwa gani? Lazima uwe na ugonjwa ndiyo kabati la dawa lifunguliwe. Ufunguo uko tarafani, wanautoa kwa ugonjwa ulioandikwa."

Basi Siwatu hakuwa na ugonjwa. Na mtu asiye na ugonjwa, katika nchi yetu yenye utaratibu, hapewi dawa. Muuguzi alitupa pakiti moja ya chumvi na sukari kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe, akatuambia tuchanganye na maji safi, na aliposema maji safi akatazama pembeni.

Tulimrudisha nyumbani. Tulipokuwa tunapita barabara kuu alifungua macho akaliona bango.

"Dada," akasema, "mimi yule nimeshika glasi."

"Ndiyo, ni wewe."

"Yule hajanywa bado."

Alikufa Ijumaa, kabla ya uji. Alikuwa na miaka tisa. Nimejaribu kulisema hili kwa namna ya kuchekesha kama yale mengine, nimeshindwa. Mtoto aliuawa na kisima kisicho na maji, kwa kutumbukia ndani yake akiwa kitandani kwao, na waliokichimba wangali wanakula mishahara.

Tulipata shida hata ya maji ya kumwoshea. Akina mama walikwenda lamboni wazi, madumu vichwani, na mgambo aligeukia upande wa pili akavua kofia.

*

Haikupita muda, Bwana Kilindo akarudi, anatokwa na jasho la furaha.

"Wageni wa heshima wanakuja kutoka nchi za mbali! Wameliona lile bango. Wanataka kuona kisima, na wanamtaka yule mtoto. Aoge, avae sare mpya, ashike glasi."

Mwalimu Mahimbo akakohoa. "Yule mtoto alifariki, mheshimiwa."

"Alifariki?" Bwana Kilindo akakasirika. "Kwa ruhusa ya nani? Si mngenipigia simu? Mtoto yuko kwenye bango la taifa, nyie mnamwacha afe kama mtoto wa kawaida!"

Akatembea huku na huku. Akasimama. Nikauona ule uso wake uking'aa tena, nikajua kinachokuja kabla hajafungua mdomo.

"Mchoreni."

Akaelekeza mkono ukutani.

"Mchoreni kando ya kisima, anacheka, glasi mkononi. Wageni hawatashuka, ni vumbi. Watapunguza mwendo tu, watateremsha vioo, watapunga mkono. Wewe," akaninyooshea kidole, "si ndiye mwenye kuku? Awe mkubwa, aonekane toka barabarani. Na umjaze mashavu."

Nilitazama miguu yangu, kama kawaida yangu. Nikasema ndiyo.

Nilikwenda kwanza kwa Mama Siwatu. Sikujua nianzie wapi. Yeye akaanza.

"Nimesikia. Wanataka achekeshwe."

"Ndiyo, mama."

"Wewe unataka nini?"

Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilisema nataka kumchora nilivyomwona. Aliingia ndani, akatoka na dumu la njano, lile dogo alilokuwa akichotea Siwatu, na kisu.

"Kata," akasema. "Mimi sina tena wa kulibeba."

Watoto wote walikuja. Machano alileta ndoo ya tope la lambo, alilichota mwenyewe. Wengine walileta mkaa, magunzi, majani, mchanga, na mmoja kitambaa cha kanga cha bibi yake. Hatukugusa kisima. Tulikiacha na kamba yake na bluu yake. Kando yake, kuanzia chini ya ukuta mpaka kwenye paa, tulimchora Siwatu akiwa amekipa mgongo, anaondoka. Mwili wake ulikuwa tope la lambo, na lilipokauka likapasuka kama miguu yake ilivyokuwa imepasuka. Nywele zilikuwa mkaa. Mgongoni tulimfunga kanga, na ndani ya kanga likachungulia dumu, la njano ya dumu lenyewe, vipande vyake tumevibandika kwa gundi ya muhogo. Kichwa amekigeuza kutazama barabara. Watoto walibishana sana juu ya mdomo.

"Afunge," mmoja akasema. "Ana huzuni."

"Siwatu hafungi mdomo hata akilala," akasema Machano. "Mwacheni wazi. Ana swali."

Tukauacha wazi, na mapengo yake mawili. Mashavu sikuyajaza.

*

Asubuhi ya wageni Bwana Kilindo alifika mapema na vijana wa kupaka na mifuko ya chokaa. Alishuka kwenye gari akiwa anaimba. Alipoinua uso, wimbo ulikatika.

Sijawahi kuona mtu akitazamana na mchoro kiasi kile. Alijisogeza kushoto, akajisogeza kulia. Popote alipokwenda Siwatu alikuwa anamtazama na swali lake mdomoni.

"Futa," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akapiga kelele. "Futeni! Pakeni chokaa ukuta wote upande ule! Wageni wameshapita njia panda!"

Vijana wakapasua mifuko, chokaa ikamiminwa kwenye mapipa, unga mweupe, mkavu. Mmoja wao akasimama na mwiko mkononi.

"Maji, bosi?"

"Maji nini?"

"Ya kukorogea. Chokaa haipakwi kavu."

Bwana Kilindo akageuka kutafuta mtu wa kumtuma. Uwanja mzima ulikuwa umejaa watu, wazazi na watoto, tumesimama kama tulivyoagizwa, tumevaa vizuri kama tulivyoagizwa.

"Leteni maji!"

Mwalimu Mahimbo akatoka mbele. Nadhani aliwafikiria wale watoto sita na ile pensheni, maana alichelewa kidogo. Kisha akanyoosha mkono kuelekea ukutani.

"Kisima kile pale, mheshimiwa."

"Usinifanyie mzaha! Pelekeni mtu lamboni!"

"Lamboni ni marufuku," akasema mgambo, amekaza mwili kama askari wa gwaride. "Ni kukikashifu kisima. Amri ni ya ofisi yako."

"Basi kwangueni! Kwangueni ukuta!"

"Tukikwangua tope, na bluu inadondoka," akasema kijana mwenye mwiko. "Ni ukuta mmoja, bosi. Kisima kinaondoka naye."

Bwana Kilindo akakimbilia gari lake, akatoka na chupa yake ya maji ya kunywa, akaimimina kwenye chokaa, akakoroga kwa mkono wake mwenyewe mpaka shati likawa jeupe. Ilitosha kufunika kidole gumba cha mguu wa Siwatu. Akaikamua chupa. Akaitikisa. Kwa mbali tukaanza kusikia king'ora.

Mama Siwatu alikuwa amekaa kwenye jiwe lililopakwa chokaa. Akainuka, akaokota ndoo tupu iliyoletwa na vijana, akamwendea Bwana Kilindo taratibu, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama unavyompa mgeni.

"Chota, baba," akasema. "Kamba si hiyo hapo?"

Vumbi la magari likaonekana kwenye kona. Watoto walikuwa wamefundishwa wimbo wa kuwapokea wageni, Mwalimu Mahimbo akainua fimbo ya kuongozea, kisha akaishusha. Hakuna aliyeimba. Bwana Kilindo alitutazama, akalitazama gari la kwanza, akaitazama ndoo. Ndipo nilipomwona, kwa macho yangu haya, akausogelea ukuta, akaishika kamba ya katani aliyoibandika Siwatu, akaanza kuvuta.

Gari la kwanza likapunguza mwendo. Kioo kikateremka.